Sayyid Abdallah wa Pate, mtunzi aliyeuonya moyo wake

Tulipotangaza kipindi chetu cha magofu ya Chwaka, kule Tumbe, ujumbe mwingi wa simu ulitoka Kiuyu. Si ajabu. Kwa mtu wa Kiuyu Mbuyuni au Maziwang'ombe magofu yale ni ya jirani, na kila nyumba ina habari zake za Haruni na za baba yake, Mkama Ndume wa Pujini. Wengi mliuliza nani aliishi mle. Msikilizaji mmoja aliuliza jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya: katika mwambao wote huu wenye magofu, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwepo wakati mji unakufa, akaandika alichokiona?

Yupo. Jina lake ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Hakuwa wa Pemba, alikuwa wa Pate, na utungo wake unaitwa Al-Inkishafi.

Wavuvi wetu wanaokwenda dago kwenye maji ya Kenya wanakijua kisiwa cha Pate, au angalau wamekisikia. Kipo kaskazini, katika visiwa vya Lamu. Ndani yake mna miji ya Pate, Siyu na Faza, na mna magofu ya Shanga, ambako wachimbuaji wa mambo ya kale waliona misingi ya msikiti wa karne ya 8. Kwa hiyo tukisema Pate tunasema mahali ambapo Uislamu umekaa zaidi ya miaka elfu moja. Jahazi likipata kusi zuri kutoka Pemba linaelekea huko, na kaskazi ikivuma linarudi. Wazee wetu waliijua njia hiyo vizuri kuliko sisi tunavyoijua barabara ya Chake.

Sayyid Abdallah alizaliwa katika ukoo wa masharifu. Nasaba yake inarudi kwa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut, walii mkubwa aliyefariki mwaka 1584. Watoto na wajukuu wa Sheikh huyo walisambaa pwani yetu, na tawi moja likatia nanga Pate. Masimulizi ya Pate yanasema watu wa mji walipeleka ujumbe kwa Sheikh wamwombe dua dhidi ya Mreno, naye akawapelekea watoto wake. Basi ukoo huo ukawa na heshima mbili kwa mpigo, ya damu ya Mtume na ya elimu. Walioana na watu wakubwa wa mji, walisomesha, walihukumu na walishauri. Bila shaka walikula vizuri pia, na hilo tutalirudia.

Wataalamu wanayaweka maisha yake kati ya miaka ya 1720 na 1820 hivi. Ni kipindi kirefu, na kinatosha kumwonesha mtu mji wake ukiwa juu na ukiwa chini.

Alipokuwa mtoto, ikiwa makadirio hayo ni sahihi, Pate ilikuwa jiko la ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1728 Mwengo bin Athumani alitunga pale Utenzi wa Tambuka, ambao wengine wanauita Herekali, moja katika tenzi kongwe kabisa zilizotufikia. Sayyid Aidarus, naye wa ukoo wa masharifu hao, aliigeuza Hamziya ya Kiarabu ikawa ya Kiswahili. Zaidi ya miaka mia baada ya Tambuka, mwanamke aliyezaliwa Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, alimwandikia binti yake utenzi ambao hata bibi zetu hapa Pemba waliujua kwa moyo. Kisiwa kimoja kidogo kimetoa yote hayo. Tunaposema Kiswahili cha ushairi kina chuo chake, chuo hicho ni Pate.

Kazi nyingine ya Sayyid Abdallah inayojulikana ni takhmisi yake ya shairi la Liongo Fumo. Takhmisi ni ufundi wa kuchukua mistari miwili ya mtu mwingine na kuitangulizia mitatu yako, ubeti ukawa na mistari mitano, na msomaji asione mahali pa kiraka. Anayeweza kufanya hivyo kwa maneno ya Liongo, shujaa anayetajwa mwambao mzima, si mwanafunzi tena.

Sasa mji wenyewe. Pate ilitajirika kwa pembe za ndovu zilizotoka bara, kwa nguo na kwa bandari. Mafundi wake walisifika kwa kufuma hariri hata Wareno wakaandika habari zao. Siwa kubwa ya pembe za ndovu iliyopigwa kwenye sherehe za wafalme wake iko leo katika makumbusho ya Lamu, na ukiitazama unajua kwamba waliotengeneza kitu kama kile hawakuwa na dhiki. Watawala walikuwa Wanabahani. Nyumba zilikuwa za mawe, za ghorofa, zenye kuta zilizochongwa vidaka safu juu ya safu, na ndani ya vidaka mliwekwa vyombo vya kaure kutoka China. Waliokaa Mji Mkongwe wa Unguja wanavijua vidaka. Vya Pate vilikuwa baba yao.

Lakini utajiri huo uliandamwa na vita. Mwisho wa 1678 na mwanzo wa 1679 Wareno waliishambulia Pate na kuipora, na mfalme wake aliuawa pamoja na wafalme wa miji ya jirani. Ngome ya Mombasa ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698, mtu angesema shida imekwisha. Haikwisha. Karne ya 18 iliwakuta Wapate wenyewe kwa wenyewe wakigombania kiti. Katika miaka ya 1760 na 1770 aliyetawala alikuwa mwanamke, Mwana Khadija, na utawala wake uligubikwa na mapigano ya makundi ndani ya mji. Mji ukipigana mtaa kwa mtaa, mwenye mali anahamisha mali yake kwanza, kisha watoto wake, kisha mwenyewe. Nyumba inabaki na mlinzi. Halafu mlinzi naye anaondoka.

Sayyid Abdallah alikuwa mtu mzima katika miaka hiyo. Hakuhadithiwa.

Kisha ikaja Shela. Karibu mwaka 1812 Pate, ikishirikiana na Mazrui wa Mombasa, ilipeleka jeshi Lamu. Vyombo vilishusha watu Shela. Watu wa Lamu wakawashinda, na wale waliokimbilia pwani walikuta maji yametoka na vyombo vimepwelewa juu ya mchanga. Mvuvi yeyote wa Kiuyu anaelewa maana ya chombo kupwelewa wakati unakihitaji. Wengi walikufa pale pale, na hadi leo upepo ukifukua machuguu ya mchanga wa Shela, mifupa huonekana. Pate haikuinuka tena. Vijana wake walikuwa wamelala kwenye ule mchanga.

Vita hivyo vinatuhusu kuliko tunavyodhani. Wakati huo Pemba ilikuwa chini ya Mazrui wale wale, na mpunga wa Pemba ulikuwa ukiilisha Mombasa kama ulivyokuwa ukifanya tangu zama za Mreno. Watu wa Lamu, kwa kuhofia kisasi, walimwita Sayyid Said wa Oman awalinde. Akaja, na aliyeitwa kulinda mlango hakuishia mlangoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 watu wake waliwatoa Mazrui Pemba, na baadaye ikafuata karafuu na yote iliyokuja nayo, mashamba na watumwa wa kuyapalilia. Kwa hiyo hapa Kiuyu tunapouliza nini kiliiua Pate, sehemu ya jibu ndiyo iliyotuletea sisi historia yetu.

Turudi kwenye utungo.

Al-Inkishafi huitwa utenzi kwa mazoea, ingawa bahari yake si ya utenzi. Mistari yake ni mirefu zaidi, mizani kumi hivi badala ya minane, na kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne unarejea kwenye kina ambacho hakibadiliki toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayegonga mlango ule ule. Beti hazifiki 80. Ukiusoma polepole kwa sauti unaumaliza kabla chai haijapoa. Tunasema hivi kwa sababu watu wanalisikia jina wakadhani ni kitabu kizito cha maulamaa peke yao.

Unaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa kumsalia Mtume, kama ilivyo ada. Mtunzi anaeleza nia yake, kwamba anatunga mkufu wa lulu, na kwamba anataka uwe taa ya kuondoa giza. Kisha anageuka. Hamwambii mfalme neno, wala wapiganaji, wala watoto wa mji. Anauambia moyo wake mwenyewe. Anauuliza kwa nini hausikii, kwa nini unaing'ang'ania dunia ilhali unaiona ilivyo. Anaifananisha dunia na mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu, na mzoga unaogombaniwa na mbwa.

Hapo pana jambo tunalotaka msomaji alione. Mtu wa daraja lake angeweza kupanda mimbari akawalaumu watu. Angekuwa na haki, na wangemsikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, kisha wangerudi nyumbani wakala. Yeye alijikalisha mwenyewe kwenye kiti cha mshitakiwa. Anayesoma anakuwa kama mtu aliyepita dirishani akasikia ugomvi wa ndani: hakuambiwa yeye, kwa hiyo hana la kujitetea.

Kisha anafungua milango ya Pate ya zamani. Tunawaona matajiri wakitembea kwa maringo, shingo zimeinuliwa, wamezungukwa na wafuasi mbele na nyuma. Nyumba zao zinawaka kandili hadi usiku unafanana na mchana. Kaure zimepangwa. Vitanda ni vya mpingo na pembe, na wenyewe wamelala wakipepewa na wajakazi. Harufu nzuri, chakula kizuri, usingizi mzuri. Anavielezea vitu hivi kwa mapenzi. Hatuoni kwamba anawakejeli watu hao. Ni mtu anayekumbuka vyumba alivyoingia akiwa mdogo.

Ghafla wamekufa. Wamo katika mwanandani mwembamba, wadudu wanawala, usaha unatoka puani na kinywani. Kisha anaturudisha kwenye zile nyumba, na hapa ndipo mahali ambapo kila anayejua Al-Inkishafi hupataja kwanza. Ndani mna popo. Ule ukumbi uliokuwa na sauti za watu una sauti za nyenje. Mende wamerithi. Ndege wa porini wanalea makinda ndani ya vidaka vilivyowekwa kaure. Buibui wamefuma milango, magugu yameota uani, na mtu anayepita mchana anaogopa kuingia kwa sababu ya kiza.

Aliyewahi kusimama ndani ya msikiti wa Chwaka, au kwenye magofu ya Ras Mkumbuu wakati wa jioni, hahitaji kufafanuliwa. Sisi tuliokwenda kurikodi tulilazimika kusubiri ndege wanyamaze ndipo sauti ya mzungumzaji isikike.

Baada ya nyumba anawaita watu kwa majina, mmoja mmoja, na anauliza wako wapi. Miongoni mwao yumo Ali bin Nasir, na hilo ndilo jina la baba yake. Wamo masharifu wa ukoo wake. Wamo makadhi na wanavyuoni. Hakuwabakisha watu wa dini nje ya hesabu, na hilo lilihitaji moyo. Tulisema mapema kwamba ukoo huu ulikula vizuri. Yeye alilijua hilo kabla yetu, na akaliweka ndani ya utungo kwa kuwataja wake pamoja na wafalme, kaburi kwa kaburi.

Kuna watu ambao hakuwauliza wako wapi. Wajakazi waliopepea, watumwa waliopasua matumbawe, wakachoma chokaa na kubeba boriti za mikoko ili ile ghorofa isimame, wamo katika picha, lakini wamo kama kandili na vitanda, kama sehemu ya anasa ya bwana. Tunalitaja hili bila kumhukumu mtu wa karne ya 18 kwa mizani ya leo. Ila msikilizaji wa Pemba, ambako watu wengi wana bibi au babu aliyeletwa shambani bila kuulizwa, ana haki ya kuliona pengo hilo anaposoma.

Mwisho utungo unashuka motoni. Anaitaja Jahannamu na tabaka zake kwa majina, na adhabu za kila moja, halafu anafunga kwa dua ya kuomba rehema.

Neno inkishafi lenyewe linatokana na Kiarabu na maana yake ni kufunuka, kitu kilichofunikwa kikawa wazi. Tulipokuwa tukilichunguza tulikutana na jambo la kupendeza. Wakristo nao wana kitabu ambacho jina lake lina maana hiyo hiyo, nacho kilitoka kisiwani. Ni Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia, na kisiwa ni Patmos, huko Ugiriki, kisiwa kidogo chenye mawe mengi. Mwandishi wake anajitambulisha kwa jina la Yohana, na anasema alikuwa Patmos kwa sababu ya imani yake. Mapokeo ya kanisa yanasema alipelekwa huko kama adhabu wakati wa Kaisari Domitian, karibu mwaka 95, na kwamba maono yalimjia pangoni. Aliandika kwa makanisa saba ya ng'ambo, katika nchi ambayo leo ni Uturuki.

Kitabu hicho nacho kina mji tajiri unaoanguka, na wafanyabiashara wanaosimama mbali wakilia kwa sababu hakuna tena wa kununua bidhaa zao. Bidhaa zinaorodheshwa: dhahabu, hariri, pembe za ndovu, manukato, na mwisho kabisa binadamu. Mtu wa Pate angeisoma orodha hiyo kama hati ya shehena ya jahazi la jirani. Tofauti ni kwamba Yohana aliutazama ule mji kutoka nje, akiwa mtu aliyefukuzwa, na alitamani uanguke. Sayyid Abdallah aliutazama kutoka ndani. Wake ulikuwa umeshaanguka, na aliupenda.

Patmos wanakitunza kisiwa chao kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Mwaka 1088 ilijengwa pale monasteri, yaani makazi ya watawa, kwa jina la Yohana. Pango linaoneshwa kwa wageni, na mwaka 1999 UNESCO iliviingiza vyote viwili, pamoja na mji wa kale, katika urithi wa dunia. Kwa upande wetu UNESCO iliuingiza mji wa Lamu mwaka 2001. Pate, iliyompa Lamu nusu ya washairi wake, haimo. Watu wa Pate wanaweza kulalamika kwa hilo, na sisi tungewaunga mkono.

Swali moja limewagawa wanaosoma Al-Inkishafi, nalo ni lini hasa iliandikwa. Wengi wanaiweka kati ya 1810 na 1820. Ikiwa ni baada ya Shela, basi ni maombolezo ya mji uliokwisha kupigwa. Ikiwa ni kabla, basi Sayyid Abdallah aliwaonya watu wake wakiwa bado wana nafasi ya kuacha kugombana, nao hawakusikia, wakapanda vyombo kwenda Lamu. Si tofauti ndogo. Katika hali ya kwanza yeye ni mwenye msiba, katika ya pili ni mwonyaji aliyepuuzwa.

Sisi tunaelemea kwenye ile ya pili, na sababu yetu ni ya kawaida tu. Hakuna vita ndani ya utungo. Hakuna jeshi, hakuna kushindwa, hakuna adui. Mtu aliyetoka kuzika vijana wa mji mzima angeshindwa kunyamaza kuhusu mchanga wa Shela. Vilevile nyumba haijai popo na magugu kwa mwaka mmoja. Magofu aliyoyaeleza ni ya nyumba zilizoachwa muda mrefu, polepole, wakati wa ile fitina ya karne ya 18. Anayeshikilia kwamba ni baada ya Shela anaweza kujibu kwamba mtunzi aliwalenga matajiri na kifo chao, kwamba vita havikumhusu. Jibu hilo lina nguvu, na hatudhani mjadala umefungwa.

Alipofariki, Pate ilikuwa ikiendelea kupungua. Biashara ilihamia Lamu, yenye bandari bora, kisha Unguja, ambako Sayyid Said alihamishia makao yake. Bandari ya Pate ilizidi kujaa tope. Katikati ya karne ya 19 mfalme wa mwisho wa Wanabahani aliyetoka kisiwani, Ahmad Simba, alihamia bara na kujiwekea makao Witu. Ukoo uliotawala karne kwa karne ukaondoka kisiwani.

Utungo haukuondoka. Ulinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, ukasomwa kwa sauti katika nyumba za Lamu na kwingineko. Karatasi za pwani haziishi sana, mchwa na unyevu unazimaliza, kwa hiyo kila kizazi kilibidi kinakili upya au kipoteze. Waliochapa kwa mara ya kwanza walikuwa Waingereza. Mmisionari W. E. Taylor, aliyekaa Mombasa na kukijua Kiswahili kwa undani, aliufasiri, na kazi yake ikatoka ndani ya kitabu cha sarufi cha Stigand mwaka 1915. Mwaka 1939 William Hichens, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali Afrika Mashariki, aliutoa London kama kitabu chake chenyewe. Majina hayo mawili ndiyo yanayotajwa sana.

Nasi tungependa litajwe la tatu. Nakala nyingi ambazo Wazungu walizitegemea ziliandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mchonga milango na mwandishi wa khati nzuri sana, aliyefariki mwaka 1945. Alinakili Al-Inkishafi kwa mkono wake na kuipamba. Bila ya mtu huyo, aliyekuwa akilipwa kwa kurasa, huenda leo tungekuwa na jina la utungo tu.

Wanafunzi wa fasihi wanaosoma chuo kikuu hukutana nayo, na baadhi yao wanatoka skuli za Micheweni. Anayetaka kuisoma aanze na toleo lenye maelezo ya maneno, kwa sababu Kiswahili chake ni cha Pate na Lamu cha zamani. Msikilizaji wa Pemba ana bahati kidogo hapa. Maneno kadhaa ambayo mtu wa bara atayatafuta kwenye kamusi, bibi yako wa Kiuyu bado anayatumia. Msomee, umuulize. Ukikwama kwenye mstari, utume kwetu kwa ujumbe wa simu, tutaupeleka kwa mwalimu atakayekuwa nasi studioni.

Na Pate ipo. Mtu anakwenda kwa boti kutoka Lamu, kwa kuangalia maji, kwani yakitoka chombo hakifiki mjini. Watu wanaishi pale, wanasali, watoto wanakwenda chuoni. Nyuma ya nyumba zao kuna kuta za zile ghorofa, nyingine zimesimama hadi usawa wa vidaka, na katikati ya kuta hizo, ndani ya vyumba vilivyokuwa na kandili na kaure, wakulima wa Pate wanapanda tumbaku.